Meno Mapya ya Mzee Oyoo

Benchi letu la Kangemi liko nyuma ya soko, na kahawa ni ya Wahome, anayemimina bila kuulizwa. Jumanne hatukugusa siasa. Mzee Oyoo, fundi wa viti aliyestaafu, alikuwa anamngoja bintiye Ivyne ampeleke kwa daktari wa meno kule Spring Valley. Meno yaliyobaki yang'olewe yote, kisha apandikizwe seti nzima, kila jino limeshikwa na skrubu ndani ya taya. Jibu lake lilitakiwa siku hiyo, naye akatuuliza sisi. Mimi husema wazi: benchi si mahali pa kuuliza mambo ya kinywa. Lakini alishauliza.

— Weka, mzee, akasema Sifuna, tunayemwita Daktari kwa sababu analinda geti la kliniki. Watu wanaingia kwetu wakinywa uji, wanatoka wakitafuna mahindi choma.

— Mimi nauliza miaka kumi baadaye, si pale getini, mzee akasema.

— Kumi ni kidogo. Skrubu inashikana na mfupa. Piga mswaki, achana na sigara, inaweza kukaa ishirini.

— Na asipopiga? akadakia Mwaura, Injinia wetu wa pikipiki. Ufizi unaoza, mfupa unalika, nati inalegea.

— Kwani mzee ni pikipiki?

— Kitu yoyote iko na nati ni pikipiki. Na spea je? Hiyo kampuni ikifunga, atatafuta jino kwa wauza spea wa Kirinyaga Road?

— Wewe, hayo meno yatamzika mwenyewe. Miaka mia ijayo watu watachimba, wakute mzee ameisha, meno yanang'aa. Waseme hapa alilala bilionea.

— Ama yashike redio, Injinia akasema. Uko kanisani, mdomo inasoma taarifa ya habari.

Mzee akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Mnanizika na kikombe sijamaliza.

Nikawafokea wote wawili. Mtu anaogopa, nyinyi mnamfanyia vichekesho.

Hapo akafika Jacklyne, msichana mgeni wa saluni, na chupa ya kuwachukulia wateja kahawa. Akamsikiliza mzee, akamtazama kinywani bila haya.

— Samahani, baba. Babu yangu pia aling'olewa kimila yale meno sita ya chini akiwa kijana, ndio ahesabiwe mtu mzima. Hayo yako sita, nayo watayarudisha?

Daktari akaangalia viatu vyake. Injinia akatafuta simu mfukoni. Mimi, mwenye neno kwa kila kitu, nikamsogezea Wahome kikombe aniongezee.

— Hayo sikuyapoteza, mzee akasema polepole. Nilikaa chini, wazee wakaniangalia kama nitalia. Sikulia.

Gari la Ivyne likasimama kando ya barabara.

— Twende, baba? Daktari wa meno anangoja.

Mzee hakuinuka. Alimsukuma Sifuna kwa kiwiko mpaka nafasi ikapatikana.

— Kaa kwanza, nyara, binti yangu. Kuna swali hapa, na wajuaji wangu wote wameshindwa.