Gari ya Papa Iliyokataa Kuzimika

Wamama, wababa, vijana wenzangu wa shirika letu la sala, mutanivumilia nisome. Niliandika haya katika kaye yangu, daftari la masomo, juu nikisimama mbele ya watu sauti inapotea. Muongozaji wetu aliniambia, "Njoo useme tu kwa moyo." Nikamujibu kwamba moyo wangu uko ndani ya kaye. Jina la mutu sitataja hata moja.

Munajua ninaishi kwa shangazi hapa Kasongo kwa ajili ya masomo, lakini kwetu ni upande wa Wamaza. Papa alikuwa na jeep moja ya mazutu, ile dizeli, ya zamani sana. Aliyeiendesha ni yaya, kaka yangu mukubwa. Ilipakia watu, magunia ya muchele, karanga, vidumu vya mafuta ya ngazi, yale mawese. Lakini motere yake, ile injini, haikuwa na turbo. Ilivuta hewa yenyewe, kama muzee mwenye kifua kibaya. Kwa kila mulima yaya alipiga kelele, "Shukeni, musukume!" Na wamama wanajibu, "Weye, tulilipa kupanda gari ao kuibeba?" Watu wakaanza kukimbilia pikipiki. Gari ikawa inalala siku tatu, siku ine, bila kutoka.

Papa aliogopa jambo moja tu. Gari ikikufa, yaya atakwenda Salamabila kuchimba zahabu. Ndugu mudogo wa Mama alibaki ndani ya shimo huko, hata mwili wake hatukuuona. Tangu siku ile Papa aliapa kwamba hakuna mutoto wake atakayeingia chini ya udongo akiwa muzima.

Njo akasikia kwamba kuna kamio, lori kubwa, iliyoanguka njiani na turbo yake bado iko nzima. Akatoa pikipiki yake, akapewa turbo. Ilifika ndani ya gunia, kama kuku. Fundi akatueleza, "Moshi unaotoka ndio unaizungusha. Nayo inasukuma hewa nyingi ndani ya motere. Mulima mutausahau."

Pamoja na turbo kulikuwa na karatasi ya Kifaransa. Fundi alisema siku hizi macho yake yamechoka. Sisi wote tulijua hasomi. Papa akaniita mimi, juu niko mwaka wa tano wa segondere. Wanaume walikuwa kama kumi kwenye kiwanja, wamezunguka gari. Mumoja akasema, "Profesa amefika! Mupeni kiti!" Nilianza kusoma: bulo hizi za kukazia, tiyo ya kupitisha mafuta inaingia hapa, inatoka pale. Nikasoma neno moja vibaya, wakacheka. Masikio yangu yakawa moto. Papa akanihurumia, mimi binti yake, akasema, "Inatosha, mama, tumeelewa."

Mustari wa mwisho ulibaki. Niliusoma kwa macho. Ulisema kwamba baada ya kupanda mulima uache motere izunguke polepole dakika mbili tatu kabla ya kuizima, kwa maana turbo inakuwa moto sana, na ni mafuta ya motere yanayotembea ndiyo yanaipoza. Nilikunja karatasi, nikaiweka ndani ya kaye.

Jamaa zangu, nasimama hapa kwa ajili ya mustari ule.

Munajua mashofere wetu. Akifika juu ya mulima anazima motere, gari inatelemuka yenyewe, mazutu inabaki. Yaya alifundishwa hivyo na Papa, na Papa alifundishwa na bwana wake wa kazi. Na juu ya mulima njo saa ile turbo inawaka kuliko saa zote.

Safari ya kwanza nilikuwa ndani, nikirudi masomoni. Gari ilipanda na watu wote wamekaa. Hakuna aliyeshuka! Wamama walipiga vigelegele, muzee mumoja akamupiga yaya begani: "Leo umetuheshimu." Tulipofika juu, yaya akazungusha ufunguo, akazima. Kimya. Nilisikia tu matairi na upepo. Karatasi ilikuwa kwenye magoti yangu, ndani ya kaye. Nikafikiri, nitamuambia tukifika. Tulipofika kulikuwa na watu. Nikafikiri, wiki ijayo.

Ni hivyo kila wiki. Kila mulima alizima, na mimi nilinyamaza. Kisha turbo ikaanza kupiga mulunzi, na moshi wa bluu ukawa unatufuata. Nikaandika katika kaye: leo imelia tena. Niliiambia kaye. Yaya sikumuambia.

Siku ile tulikuwa katikati ya mulima, jua la saa sita. Motere ikapandisha sauti yenyewe. Yaya akatoa muguu kwenye pedali ya mazutu, sauti ikazidi. Akazima. Haikuzimika. Moshi ulitufunika, watu wakaanza kuruka na kuanguka, kidumu cha mafuta kikapasuka barabarani.

"Zima, wewe mutoto! Zima!" muzee mumoja akapiga kelele.

"Muzee, ufunguo huu hapa!" Yaya aliuinua juu. Ulikuwa mukononi mwake na gari inaendelea kupiga kelele.

Mama mumoja akasema ni mashetani, watu wakakimbilia porini. Hayakuwa mashetani. Fundi alituelezea baadaye: turbo ilikuwa imeungua ndani, ikaachia mafuta ya motere yapite, na motere ikawa inakula mafuta yake yenyewe. Yaya alivua koti azibe mahali hewa inaingilia. Alichelewa. Tulisikia kishindo kimoja kikubwa, na kisha tukasikia ndege wa porini.

Papa alikuja kwa muguu. Alitazama ndani ya motere, akamutazama yaya. "Umeniulia gari. Gari imekaa na mimi miaka yote, wewe umeiua kwa miezi miwili." Yaya alisema, "Papa, niliiendesha vile ulinifundisha." Papa akamugeuzia mugongo. Nilikuwa hapo. Nilikuwa karibu nao hivi, kama mimi na huyu mama wa mbele. Sikufungua kinywa.

Wiki haikuisha, yaya akaenda Salamabila. Hakuaga.

Hapa shangazi alifikiri nina malaria. Sikula vizuri, masomoni sikuinua mukono tena. Mwishowe, juma moja nilirudi nyumbani, nikamukuta Papa amekaa peke yake kando ya jeep, majani yameanza kuota chini yake. Sijui nguvu ilitoka wapi. Nikafungua karatasi, nikamusomea mustari wa mwisho, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Akauliza, "Uliujua lini?" Nikasema, "Siku ile ile, Papa." Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisema polepole, "Basi nilimufukuza mutoto bure," akaingia ndani ya nyumba. Asubuhi yake akaniambia, "Ukimuona, umuambie arudi."

Mama mumoja wa shirika hii, anayeuza samaki wa chumvi huko kwenye machimbo, akakubali kunipakia kwenye pikipiki yake wakati wa likizo. Nilimukuta yaya amejaa udongo mpaka kope. Nikalia, nikamueleza yote, na neno la Papa kwamba arudi. Akapangusa udongo usoni.

"Wewe petite, mudogo wangu, ungeniambia, ningefanya nini? Dakika tatu juu ya kila mulima, mazutu inaungua bure? Ningezima tu."

"Lakini ungejua."

"Njo hiyo," akasema. "Ningejua."

Kisha akasema nyumbani atarudi na nini, na gari haiko, na pikipiki haiko. Wenzake wakamuita. Akashuka. Niliona taa ya kichwa chake inazama mpaka sikuiona tena.

Muliniomba ushuhuda, na ushuhuda wa wengine unamalizika vizuri. Wangu haujamalizika vizuri. Jeep imelala. Papa hasemi sana. Yaya ameingia mahali pale Papa aliapa hataingia, na mimi ninahesabika kati ya waliomusukuma. Kitu nilichopata ni hiki tu: sasa ninakula, na ninalala, kwa sababu Papa na yaya hawabebi tena uongo wangu.

Ninamushukuru shangazi aliyengoja bila kunilazimisha. Ninamushukuru mama wa samaki, aliyekataa nimulipe. Ninawashukuru ninyi, hamukucheka.

Wazazi, mutoto akisoma mbele yenu, mumuache afike mwisho, hata akisoma vibaya. Na ninyi wenzangu wenye haya kama mimi, watu watacheka, ni kweli, na masikio yatakuwa moto. Semeni vilevile, siku ile ile.

Leo pia yaya ameshuka shimoni. Tukiomba, tumuombee kabla ya saa yake ya kupanda.