Sitini na Hamsini na Sita: Kwa Mwalimu Odilo Mligo, Anayestaafu

Leo ni Ijumaa, tarehe 12 Juni 2026. Mwalimu Margareth, msimamizi wa jarida letu, ameniagiza niandike wasifu wa Mwalimu Odilo Mligo, na nimemwahidi kwamba nitaeleza yote, hata yale yanayonihusu mimi.

Mwalimu Odilo anastaafu tarehe 30 mwezi huu baada ya kufundisha kwa miaka thelathini na minne. Alianza kazi mwaka 1992 akiwa kijana wa miaka ishirini na sita kutoka Kichiwa. Katika shule yetu amefundisha Uchumi kwa miaka ishirini na mmoja, akiwa na sweta lake la kijani na chaki katika mfuko wa shati. Wengi waliopitia mikononi mwake sasa ni wahasibu, walimu na wafanyabiashara, kuanzia Njombe mjini hadi Makambako.

Wanafunzi walimpa jina la Ya Nini. Mtu akisema kitu kimepanda kwa asilimia kumi, Mwalimu aliuliza, "Asilimia kumi ya nini?" Alimuuliza hata Mama Dorosela wa jikoni, siku chapati zilipopanda bei. Mama Dorosela akamjibu, "Ya njaa yako, Mwalimu. Kaa ule." Mwalimu alicheka kuliko sisi sote, akakaa, akala.

Somo lake tunalolikumbuka zaidi lilihusu mapato ya serikali kama sehemu ya pato la taifa. Alitupa mfano wa mkulima wa Kifanya, Romanus, aliyevuna magunia mia ya viazi na kutoa kumi kwa ajili ya kijiji. Mwaka uliofuata baridi iliunguza shamba. Akavuna magunia hamsini, akatoa manane. Tukapiga hesabu: mwanzo asilimia kumi, sasa asilimia kumi na sita.

"Sehemu imepanda," Mwalimu alisema. "Mpigieni makofi."

Tukapiga. Alituacha tuchoke wenyewe.

"Mmeipigia makofi baridi," akasema.

Ndipo akatueleza kwamba sehemu hiyo ina namba mbili, ya juu na ya chini, na asiyeziangalia zote mbili hajasoma kitu. Sehemu inaweza kupanda kwa sababu serikali imekusanya vizuri, au kwa sababu uchumi wenyewe umepungua. Inaweza kushuka kwa sababu watu wamekwepa kodi, au kwa sababu uchumi umepimwa upya ukaonekana mkubwa kuliko tulivyodhani, kama mtu aliyezoea kuhesabu magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, anapoyapeleka kwenye mizani. Siku hiyo hakuna aliyeacha kulipa, lakini asilimia imeshuka. Na hata sehemu kubwa ya kweli haitoshi kusifiwa. Lazima uulize imetoka kwa nani na imemrudia nani, kama dawa na madawati vimeonekana.

Novemba mwaka jana tulifanya mtihani wa ujirani mwema, ambao shule kadhaa hutunga na kusahihisha pamoja. Swali la nne lilikuwa na jedwali la nchi isiyotajwa jina. Pato lake la taifa lilikuwa bilioni mia tano, na serikali ilikusanya asilimia kumi na mbili. Mwaka uliofuata pato lilikuwa bilioni mia nne, na serikali ilikusanya asilimia kumi na nne. Tuliambiwa tueleze mafanikio matatu ya serikali hiyo katika ukusanyaji wa mapato. Alama kumi na tano.

Wanafunzi arobaini wa darasa letu waliandika kama walivyofundishwa: kwamba uchumi umepungua, na kwamba kupanda kwa asilimia hakuthibitishi mafanikio yoyote. Wote arobaini walipata sifuri, kwa sababu mwongozo wa kusahihisha ulitaka mafanikio matatu.

Mimi nilikuwa wa arobaini na moja. Nilipata kumi na tano. Niliandika hoja tatu nilizozikariri kwenye madesa, yale majibu yaliyoandaliwa tayari, niliyonunua stendi ya Makambako: usimamizi bora, ulipaji wa hiari, kukua kwa uchumi. Nilijua msahihishaji anataka nini. Lakini kabla ya hapo nilikuwa nimepiga hesabu kwa penseli pembeni mwa karatasi. Asilimia kumi na mbili ya mia tano ni sitini. Asilimia kumi na nne ya mia nne ni hamsini na sita. Mapato yalikuwa yamepungua, na mimi niliona. Nikazifuta zile namba kwa ufutio, nikaandika kwamba uchumi umekua.

Kikao cha wazazi kiliitishwa Desemba, na Mwalimu akawekwa mbele kama mshtakiwa. Baba yangu, Mzee Mansoor, anayesafirisha viazi kwa Fuso, alisimama akiwa ameinua karatasi yangu. "Mimi sijui uchumi wa vitabuni," alisema. "Ila najua binti yangu kapata kumi na tano, na wenzake wamepata mayai arobaini. Hata trei nzima haibebi mengi hivyo! Sasa mwalimu, nani kakosea hapa?" Ukumbi ulicheka sana.

Mwalimu Odilo aliomba kuiona karatasi. Aliisoma taratibu, kisha akaisogeza dirishani na kuiinamisha kwenye mwanga, upande ule ule wa pembeni. Alikaa hivyo muda mrefu kidogo. Halafu akamrudishia baba. "Ameandika kwa mwandiko mzuri," alisema.

Nami sikusema neno. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.

Januari alihamishiwa stoo ya vitabu. Miezi sita ya mwisho ya mwalimu wa miaka thelathini na minne imeishia katika kubandika namba kwenye vitabu elfu moja na mia tisa. Tumeletewa mwalimu mwingine, anayetusomea madesa tunakili. Keshokutwa, kwenye sherehe ya kumuaga, shule itampa Mwalimu Odilo blanketi na cheti cha utumishi uliotukuka. Cheti hakitasema utumishi huo ulikatizwa wapi, wala kwa karatasi ya nani.

Hata stoo hakuacha kufundisha. Janeth, ninayekaa naye dawati moja, alikwenda huko kila mapumziko, na wengine wakamfuata. Nilimwuliza kama bado ananichukia. Alisema, "Sisi tulipata sifuri na tunajua kwa nini. Wewe je?"

Wiki iliyopita nilimwonyesha baba lile jedwali. Alipiga hesabu kwa simu yake, akarudia. Kisha akauliza, "Sitini ikawa hamsini na sita? Sasa hapo mafanikio gani, Rehana?" Amesema atakuja kwenye sherehe, na ataomba kusimama tena.

Mwalimu, asante kwa miaka yote na kwa kila "ya nini?" uliyotuuliza. Uende Kichiwa salama, mahindi yako yasiguswe na baridi, na jirani zako wakubishie kama tulivyopaswa kukubishia sisi, kwa hesabu. Namba zile sasa nimeziandika kwa kalamu ya wino na kuzitia katika bahasha yenye jina lako, pamoja na jibu jipya la swali la nne. Nisahihishie, hata kama ni sifuri.

Na tafadhali nijibu kabla shule haijafunguliwa Julai, hata kwa mstari mmoja: siku ile, ulipoiinamisha karatasi yangu dirishani, uliziona?

Rehana Mansoor, Kidato cha Tano