Wageni Wasiokuwepo

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na asifiwe zaidi na kila anayekula peke yake!

Nimefundisha sekondari hapa Nyaramba kwa miaka mingi. Sikuolewa. Naishi katika nyumba ya vyumba vitatu, na simu yangu hujaa ujumbe wa makundi: la kwaya, la walimu, la ukoo. Lakini katika watu wote hao hapakuwa na hata mmoja aliyejua kama nimekula.

Kila Sabato, baada ya ibada, mlinialika tule pamoja uwanjani. Nami nilijibu, "Asanteni, nina wageni nyumbani." Ndugu zangu, nilisema uongo! Niliogopa kuhurumiwa. Nilikwenda kujifungia, nikala kiporo huku redio ikinguruma ili majirani wadhani nyumba imejaa watu. Miaka mitatu!

Kisha Sabato moja malaria ikanilaza. Sikufika kanisani, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa mwalimu ana wageni. Nilianguka sebuleni nikienda kutafuta maji, nikashindwa kusimama. Nikalia, "Bwana, nitumie mtu, yeyote yule!"

Saa nane mchana nikasikia hodi. Nilitambaa, nikafungua mlango. Alikuwa Mama Kemunto, mjane anayelima chai ng'ambo ya barabara, amebeba kikapu cha ndizi na mboga za chinsaga.

"Mwalimu, nimewaza, wageni wote hao, mboga zitakutosha kweli?" Akachungulia ndani. "Kwani wako wapi?"

"Mama, hawapo. Hawajawahi kuwepo."

Akaketi kizingitini, akacheka hadi machozi yakamtoka. "Wewe mwalimu! Miaka yote hii nakuonea wivu! Mimi nikitoka kanisani nakula na paka, na paka mwenyewe ni wa jirani!"

Akaninywesha maji, akanipeleka zahanati. Homa ilitibiwa kwa dawa, ndugu zangu, lakini aibu yangu Bwana aliiondoa pale kizingitini, kwa kicheko cha mjane. Jina lake litukuzwe!

Bado naishi peke yangu, wala sioni kuwa ni laana. Ila leo sina wageni. Nitakula uwanjani, kando ya Mama Kemunto. Nawe uliyekwisha kuandaa kisingizio chako, mtumaini Bwana, kiache hapo kwenye benchi, uje. Sahani yako ipo.