Sauti ya Bibi

Mbele yangu basini mwalimu wa Kiingereza alikuwa amepakata rundo la insha, akimweleza yaliyomkuta darasani mama wa makamo aliyeketi kando yake. Hawakuwa wakijuana, lakini aibu haichagui wa kuambiwa.

"Riwaya yenyewe inahusu wakoloni walioangamiza kabila zima, mama. Akanusurika bibi mmoja. Nilipowasomea wanafunzi, bibi nikampa sauti ya kibogoyo, ya kukokota maneno, ili wasisinzie. Walicheka mpaka wakatokwa na machozi."

"Na mkoloni?"

"Yeye nilimsoma vizuri, kwa Kiingereza safi." Akainamia zile insha. "Sasa wameihakiki. Karibu wote wanasema bibi ndiye kichekesho, na mkoloni ndiye anayevutia."

Nilijifanya nasoma tangazo la dirishani.

"Ulichopanda ndicho ulichovuna, mwanangu," mama alisema, bila ukali. "Kesho wasomee upya. Safari hii mpe sauti ya bibi yako mwenyewe."

Mwalimu alizifunika insha kwa kiganja.

"Ndiyo ileile, mama. Nilimwiga yeye."

Basi likasimama kituoni kwake. Akishuka, mwalimu alimshukuru dereva kwa Kiingereza, tena kilichonyooka kama cha yule mkoloni.