Bi Marietha na Kikao Kilichofuata Ng'ombe

Jambo hili sijamwambia mtu: nilikuwa namwogopa Bi Marietha Mchopa kuliko Askofu. Askofu huja Ruangwa mara moja kwa mwaka, hutabasamu, huondoka. Bi Marietha amekuwa katibu wa parishi yetu kwa miaka ishirini na sita, na anastaafu tarehe 30 Juni.

Alianza kazi wakati ofisi ni meza moja ndani ya sakristia, chumba cha mavazi ya ibada. Makasisi kadhaa wamepita mbele yake. Kila mmoja alifika akidhani yeye ndiye anaongoza parishi. Kwa upole, alielekezwa kwamba inayoongoza ni halmashauri ya parishi.

Oktoba iliyopita halmashauri ilikutana Mbekenyera kuamua kama mtaa ule, tawi la parishi yetu, uombe kuwa parishi yenye padre wake. Bila kura siku ile, ombi lisingewahi sinodi, mkutano mkuu wa dayosisi, na sinodi nyingine ni baada ya miaka mitatu. Bibi yangu Lydia anaishi kule, na siku hiyo nilikuwa kwake. Padre huwafikia mara moja kwa mwezi, mvua ikikubali. Isipokubali, bibi hupanda bodaboda hadi Ruangwa kupokea Komunyo, amefumba macho njia nzima.

Wajumbe wengi walikuwa wanaokota korosho. Akidi ilipungua mtu mmoja. Padre Richard, mwenyekiti, alishauri wapige kura hivyo hivyo: "Mungu anatuona."

"Anatuona, Padre," alijibu Bi Marietha, "ila kwenye akidi hahesabiki."

Mjumbe pekee aliyekuwa karibu ni mzee Maige, mfugaji aliyehamia kutoka Kanda ya Ziwa. Ng'ombe wake walikuwa wanainyemelea mihogo ya mzee Kaimu, asingeweza kuwaacha. Basi Bi Marietha akakihamisha kikao. Halmashauri nzima ilitembea nyuma ya ng'ombe, Padre amekunja kanzu, ajenda zikisomwa kwa kushindana na kengele za shingoni.

"Wanaokubali?"

"Ndiyo, mama," alisema Maige, "ila tusisimame."

Mikono yote ikainuka, pamoja na wa mzee Kaimu aliyekuwa analinda mpaka kwa fimbo.

"Shusha, jirani," alisema Bi Marietha. "Wewe ni wa msikitini."

"Najua. Lakini nimechoka kumwona Bi Lydia juu ya pikipiki kama anapelekwa kuzikwa."

Alishusha. Ombi likapita, mihogo ikasalimika.

Bi Marietha, asante kwa kutufundisha kwamba kanisa ni letu sote, mradi tufike kikaoni. Tunakuombea afya, na asubuhi nyingi zisizo na ajenda.

Mwezi uliopita sinodi ilikaa Nachingwea, ikakubali. Nilipanda basi dogo hadi Mbekenyera. Bibi alikuwa anapepeta ufuta. Nilimwambia padre anahamia kule Julai. Kisha nikachukua ungo wa pili, nikakaa karibu naye, tukapepeta.