Mfungwa Niliyemwonea Kijicho

Wapendwa, mnaonijua katika kikundi hiki cha maombi mnajua nachosha kwa maswali. Leo swali linanihusu mimi.

Mimi ni askari magereza. Nina shahada ya elimu ya jamii, na kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa kuhesabu watu asubuhi na jioni. Mwaka jana nikapangwa karakana ya useremala. Humo kulikuwa na mfungwa mmoja, mwizi wa kuvunja nyumba. Mikono yake, ndugu zangu, ilikuwa na akili. Wageni walipiga picha meza zake. Mkuu wangu wa zamu, mama anayekaribia kustaafu, alimwita "mwanangu." Mimi aliniita "wewe wa chuo kikuu."

Nawaambia ukweli, nilimwonea kijicho mtu aliyefungwa. Mimi sijaiba hata kalamu. Nani amewahi kunipigia makofi?

Kwetu, mfungwa hafanyi mtihani wa ufundi mpaka askari wa karakana aandike kuhusu mwenendo wake, maana atashika patasi na msumeno. Niliandika: "Bado si wa kuaminika." Nikajiambia hiyo ni tahadhari, watu hawabadiliki.

Orodha ya awali ya watahiniwa ilipobandikwa bila jina lake, hakulalamika. Alikuja akasimama mbele yangu.

"Afande, nilikosea wapi? Niambie nirekebishe."

Nilitafuta kosa, sikupata hata moja. Nikamwambia arudi kazini.

Siku ya tatu nilimwendea yule mama, nikakiri kwamba nimeandika uongo. Nilitarajia anifariji, mjinga mimi.

"Kama angekuwa hajui hata kupiga randa," akaniuliza, "ungemwandikaje?"

"Vizuri."

"Basi kilichokuudhi si wizi wake."

Aliniandikia onyo kwenye faili, kisha akanipeleka kwa mkuu wa gereza kabla orodha haijafungwa. Yule mfungwa alifanya mtihani, akapasi. Sasa yuko huru, ana benchi lake kwenye soko la mafundi la Agakiriro, pale Gisozi.

Sijapona kabisa. Nikipita nikaona wateja wanamsubiri, bado kitu kinanichoma. Lakini siku hizi nikiandika habari za mfungwa, namsomea mwenyewe kwanza, ana kwa ana.

Namshukuru mama yule kwa lile onyo, na mfungwa aliyethubutu kuniuliza. Wivu wangu niliuvalisha sare, nikauita usalama. Na wenu, wapendwa, chunguzeni umevaa nini.