Siku ya Tatu Wodini

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi bomba alikuwa akimsimulia mama mmoja jinsi alivyokatwa kipande cha utumbo mpana. "Walitoa palipooza, wakaunga ncha mbili. Kama kazi yangu tu, mama."

"Na hapavuji?" mama akauliza. Swali la haki, nikaona.

"Daktari alininyima chakula mpaka nijambe. Siku ya tatu nikajamba, wodi nzima ikapiga makofi."

Mama hakucheka. "Mume wangu anapasuliwa leo. Amenikataza nisiende, hataki nimwone vile. Basi naenda zangu kazini."

"Hata mimi nilimkataza mke wangu."

"Akaja?"

"Alinitii," fundi akasema, akageukia dirishani.

Basi liliposimama kituo cha hospitali, yule wa kwenda kazini alikuwa keshafika mlangoni.